Deksamethasoni kwa mgonjwa wa UVIKO-19: dawa bora inayouzwa kiholela

Vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi ambazo hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ni vya bei nafuu, na kwa mgonjwa anayestahili kuvitumia sina shaka navyo. Utafiti wa RECOVERY, uliotangaza matokeo yake nchini Uingereza Juni 2020, ulionyesha kuwa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliowekwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni pekee. Waliopumua bila msaada hawakunufaika.

Ninacholalamikia ni namna vinavyouzwa. Katika duka moja la dawa mtaani kwetu niliuziwa vidonge hivi kwa ajili ya mzee wetu bila cheti cha daktari, na muuzaji hakuuliza kama mgonjwa anahitaji oksijeni, wala kama amewahi kulima akiwa peku. Swali hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mnyoo uitwao Strongyloides stercoralis hupenya ngozi kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha, tofauti na minyoo mingi, huweza kuendelea kuzaliana ndani ya mwili uleule kwa miongo kadhaa pasipo mwenyewe kujua. Steroidi zikidhoofisha kinga iliyokuwa ikiudhibiti, viluwiluwi vyake huongezeka kupita kiasi, hutoboa utumbo na kusambaa hadi mapafuni, vikibeba bakteria wanaoweza kuleta maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo. Pumzi humbana mgonjwa upya, ndugu wakadhani ni korona ileile; asipotibiwa, mara nyingi hufariki.

Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakiuoni mnyoo huu, na albendazo, dawa ya minyoo iliyozoeleka, haiuwezi vizuri. Dawa yake ni aivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, ambayo haitibu UVIKO-19 yenyewe lakini daktari anaweza kumpa mtu aliyeishi maeneo yenye mnyoo huu kabla ya kumwanzishia steroidi, bila kusubiri majibu ya maabara. Aliyeishi kwenye misitu ya Kongo au Kameruni apimwe damu kwanza, kwani akiwa na vimelea vingi vya Loa loa, mnyoo mwingine ambao vimelea vyake huwa kwenye damu, aivamektini inaweza kumdhuru ubongo.