Kibao cha matundu cha kupimia nafasi: kwa mbegu sawa, kwa bustani ya mchanganyiko bado

Nazungumzia kile kibao cha plastiki cha sm 30 kwa 30 kinacholazwa juu ya tuta ili mbegu zikae kwa nafasi. Matundu yake yana rangi nne: moja la katikati, manne, tisa na kumi na sita, yaani sm 30, 15, 10 na 7.5 kati ya mmea na mmea. Kinakuja na kijiti cha kutobolea chenye alama za sentimita. Nimekitumia kwenye matuta ya maua yaliyochanganywa na mboga. Kwa karoti na vitunguu siwezi kukiacha. Kwa mawaridi hakina kazi.

Matundu ya pembeni yako nusu ya nafasi kutoka ukingoni, hivyo ukikihamisha na kukibananisha na alama ya mwanzo, mstari hauvurugiki. Sawazisha tuta kwa reki, vunja mabonge, na mwagilia jana yake. Udongo wa chepechepe huziba matundu, na ukikiinua kinaondoka na mbegu. Mbegu za petunia usizitobolee kabisa, kwani zinahitaji mwanga ili ziote: zinyunyize juu, zibonyeze kwa kiganja, basi. Karatasi ya maelekezo haisemi hilo.

Shida ni kwamba kibao kinachukulia kila mmea umepakana na wa aina yake. Mimea miwili tofauti hupimwa hivi: nusu ya upana wa huu ukishakomaa, jumlisha nusu ya upana wa ule. Waridi la kichaka linalotanuka sm 90 na zinia ya sm 30 zinataka 45 na 15, jumla sm 60 shina kwa shina. Ukifuata tundu la rangi ya sm 30 la zinia tu, utaipanda sm 30 kutoka kwenye waridi, ndani kabisa ya matawi yajayo. Hewa haitapita, majani ya waridi yatachelewa kukauka na kuanza madoa meusi, na zinia itavaa ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani.

Kwa hiyo vichaka vitangulie, vipimwe kwa futi kamba. Chomeka kijiti penye shina, funga kamba ya nusu ya upana (kwa waridi hilo, sm 45), uchore duara. Kibao kifanye kazi nje ya duara. Waridi likiwa bado changa, ndani ya duara panda saladi, minne kwa kibao. Utaivuna kabla matawi hayajafika. Ila usiisogeze karibu na shina la waridi.

Kingine, kibao hupanga mraba, na maua yakipangwa mraba yanaonekana kama gwaride. Ukitaka zigizaga ya sm 15, tumia safu moja ya matundu kwa wakati: safu inayofuata isogeze kando sm 7.5, na iwe sm 13 kutoka ya kwanza. Nafasi inabaki ileile na eneo kubwa linabeba miche karibu asilimia 15 zaidi. Watengenezaji wangechonga alama mbili tu ukingoni, kazi hii ingekuwa rahisi.

Nyota 3 kati ya 5. Anayepanda vichaka pekee asinunue. Futi kamba na kamba ya katani vinamtosha.