Hospitali za umma Dar es Salaam: huduma ipo, ila pitia mlango wake

Mwenye homa au kidonda anayepanda daladala ya Muhimbili moja kwa moja anajitafutia usumbufu. Ngazi ya hospitali za serikali huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu kabisa hospitali ya taifa, yaani Muhimbili. Madaktari bingwa wa Muhimbili wanamsubiri mgonjwa aliyeshindikana huko chini.

Mazoea ya kukimbilia Upanga, iliko Muhimbili, yana asili yake. Enzi za Wajerumani, Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, huku Waafrika na Wahindi wakitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Waingereza wakaja kujenga Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali ya mji na ya nchi nzima kwa pamoja. Jina la Sewa Haji limebaki kwenye jengo mojawapo la wodi, na Ocean Road sasa ni taasisi ya saratani.

Amana, Temeke na Mwananyamala zilipata hadhi ya rufaa ya mkoa baadaye sana. Mkoa mmoja kuwa na hospitali tatu za ngazi hiyo si jambo la kawaida, na kwa maoni yetu ndiyo nguvu kubwa ya jiji hili. Mkazi wa Ilala ana Amana. Wa Temeke na Kigamboni wana Temeke. Wa Kinondoni na Ubungo wana Mwananyamala. Uzazi, upasuaji wa kawaida, sukari na presha humalizikia hapo.

Kinachokwamisha watu zaidi ni barua ya rufaa. Kabla hujatoka chumba cha daktari, isome palepale. Iwe na ugonjwa unaoshukiwa, dawa ulizokwisha kupewa na kwa muda gani, majibu ya vipimo, jina la kliniki unayopelekwa, sahihi na muhuri. Barua iliyoandikwa “kwa uchunguzi zaidi” na kuishia hapo humrudisha mgonjwa maabara kuanza upya, na kulipia tena. Picha za eksirei zibebwe zenyewe, kwa sababu bingwa hatosheki na maelezo ya karatasi. Mwenye bima ahakikishe majina kwenye kadi na kwenye barua yanalingana herufi kwa herufi. Tofauti ndogo tu inatosha kumchelewesha dirishani.

Uliza pia siku ya kliniki. Kliniki za mabingwa zina siku zake, na anayefika siku isiyo yake huishia kupangiwa tarehe nyingine. Halafu angalia barua inasema Upanga au Mloganzila. Zote mbili ni Muhimbili, lakini Mloganzila iko mbali, upande wa Kibamba, na nauli ya kwenda kusiko huwaumiza wagonjwa wanaotoka mikoani. Mfupa na ubongo ni MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), moyo ni Taasisi ya Jakaya Kikwete. Zote zimo ndani ya eneo la Upanga, ila zina utawala wake na mapokezi yake.

Dharura haidai barua. Idara ya dharura ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 2010, ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ni sehemu tunayoisifu bila kusita. Mgonjwa hupimwa uzito wa hali yake mlangoni. Anayeshindwa kupumua anamtangulia aliyewahi kufika. Anayelalamika kusubiri saa nyingi mara nyingi ni yule ambaye kituo cha afya cha mtaani kwake kingemtosha.

Udhaifu tunaouona ni dawa kukosekana ngazi za chini, jambo linalowafanya watu waruke ngazi. Ukikosa dawa dirishani, mrudie daktari aliyeandika kabla ya kwenda duka la nje. Huenda ipo nyingine ya kazi ileile.

Kuhusu fedha, uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993, lakini sera inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, deni likiwa bado dogo, akiwa na barua ya serikali ya mtaa.