Motability: tulivyopata gari la bwana mdogo, na wapi hasa pa kuombea upunguziwe

Wapendwa salaam. Hili gari letu la Motability, ule mpango wa Uingereza wa kuwakodisha magari watu wenye ulemavu, limeniletea maswali mengi mno, juzi tu kwenye harusi hapa Leicester nimeulizwa na watu wanne kabla hata pilau haijatoka, na mama mmoja akanambia kabisa "nyie si serikali imewapa gari bure", nikacheka tu maana nilikuwa nimevaa vizuri sikutaka kuanza somo pale. Somo naliandika hapa sasa, mwenye mtoto au mzazi au mume mwenye ulemavu asome mpaka mwisho, mwenye haraka zake aruke aende kwenye habari ya kupatana bei.

Hiyo bure kwanza tuitoe. Mwanangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo, hatembei, na anapata DLA, posho ya serikali ya watoto wenye ulemavu, na kwenye DLA kuna ile sehemu ya usafiri, yeye yuko kiwango cha juu. Watu wazima wao wana PIP, posho yao ya aina hiyo hiyo, na huko pia inatakiwa uwe kwenye kiwango cha juu cha usafiri, cha chini hakikuingizi. Mwaka wa 2025/26 hiyo hela ilikuwa paundi 77.05 kwa wiki. Ukiingia Motability haipiti tena mkononi kwako, inakwenda kwao moja kwa moja, na wewe unapewa gari jipya kwa miaka 3 halafu unalirudisha. Sasa piga hesabu, 77.05 mara wiki 52 mara miaka 3, ni zaidi kidogo ya paundi 12,000. Hiyo ni hela ya mtoto ya kwendea hospitali na shule, ukiichukua mkononi ni hela ya teksi, ukiwapa wao ni gari, lakini bure haimo humo.

Ila kwa hiyo hela unachopata jamani ni kingi. Bima imo, sevisi imo, tairi zikiisha wanabadilisha, kioo kikipasuka wanaweka kingine, gari likikufia njiani RAC, wale mafundi wa barabarani, wanakuja, na kodi ya barabara hulipi. Kwangu mimi bima peke yake ndo iliyonimaliza, maana leseni yangu ya hapa ni changa, nilikuwa natajiwa bei za bima nafunga laptop naenda kuosha vyombo. Na mwenye ulemavu si lazima awe dereva, watu wengi hawalijui hili, mtoto kuanzia miaka 3 anaweza kuwa ndo mteja na nyie wazazi ndo madereva wake. Mzee mmoja jirani yetu ananiambia zamani, kabla Motability haijaanzishwa 1977, serikali ilikuwa inawapa walemavu vigari vya magurudumu matatu rangi ya samawati, kiti kimoja tu, cha dereva. Yaani mtoto kama wangu asingekuwa na pa kukaa.

Haya, tuje kwenye bei. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, mama alikuwa anauza vitenge, kwahiyo bei ya kwanza kwangu ni salamu tu, haijawahi kuwa bei. Nikajiandaa. Nikamwambia mume wangu, Baba Nasra, usitabasamu ukiona gari zuri, usiseme "hili zuri", wewe kaa kimya kama umefiwa, nitaongea mimi. Tukaenda duka la kwanza, kubwa, vioo vitupu, kahawa ya bure, kijana wa mauzo ana suti inambana. Akaongea na mume wangu dakika kumi nzima, mimi ninayejaza fomu zote za mtoto toka azaliwe nimesimama pembeni kama mkoba, na mwanangu ndo kabisa hakusalimiwa. Akatupeleka moja kwa moja kwenye SUV moja ya kutisha, malipo ya awali paundi 3,000 na ushee.

Hapa nieleze, maana ndo wengi wanapigwa. Yale malipo ya awali ni hela unayotoa mfukoni siku ya kuchukua gari, juu ya ile ya kila wiki, na hairudi. Siyo diposti. Miaka 3 ikiisha unarudisha gari na ile hela imekwenda na maji. Magari mengine hayana malipo ya awali kabisa, sifuri, na mengine madogo hata hayali hela yote ya wiki, unabakiwa na chenji. Mengine ndo hayo ya maelfu. Kwahiyo ukiambiwa "ni 3,000 tu" jiulize unainunua nini hiyo 3,000, maana gari si lako.

Nikamwambia yule kijana tujaribu kwanza kiti cha magurudumu cha mtoto kwenye buti. Akashangaa, kwani mmekuja nacho? Sasa tungemletaje mtoto, mgongoni? Nikakikunja kiti, nikakinyanyua mwenyewe, kina kilo 17, mdomo wa lile buti uko juu karibu na kiuno changu, nikasukuma, gurudumu likagoma. Nikakilaza, kikagoma. Kijana akasema bila aibu "you can take the wheels off". Nikamtazama. Kila siku ya Mungu, Januari, mvua, niko nje ya shule nimepiga magoti natoa magurudumu? Kabla hatujaondoka akajaribu kuniuzia dawa ya kung'arisha rangi paundi mia nne, kwenye gari ambalo nitalirudisha. Hapo nikajua huyu hajawahi kuuziwa kitenge.

Tukakaa wiki mbili hivi, nikaanza kusoma kwenye tovuti ya Motability yenyewe, kule unaweza kuyapanga magari kwa malipo ya awali, kwa ukubwa wa buti, kwa gia, kwa kila kitu. Na hapo ndo nikagundua kilichoniuma kidogo kama mtu wa Ngamiani: bei ni moja nchi nzima. Gari lile lile, modeli ile ile, malipo ya awali yaliyoko kwenye orodha ukiwa Leicester ndo hayo hayo ukiwa Glasgow, kwasababu bei inapangwa juu huko kati ya Motability na watengenezaji. Kijana wa dukani hakuipanga yeye. Kwahiyo kumwambia "punguza ya wiki" ni kumuonea tu.

Lakini orodha inabadilika kila miezi 3, Januari, Aprili, Julai, Oktoba, na hapo ndo pa kupigia bei kwanza, kwa kalenda. Gari unalolitaka robo hii lina malipo ya awali madogo, robo ijayo linaweza kupanda au hata likatoka kwenye orodha, au likashuka. Ukishaweka oda bei yako imefungwa, hata gari likichelewa kuja. Sisi lile tulilolipenda lilikuwa chini ya robo ya ile SUV kwa malipo ya awali, ilikuwa Juni, nikaona nisisubiri Julai nikacheza kamari na hela ya mtoto.

Duka la pili lilikuwa dogo, nje kidogo ya mji. Kila duka linalofanya Motability lina mtu wao aliyesomea hayo mambo, ukipiga simu muulizie huyo, usiingie tu ukakamatwa na yeyote. Wa hapa alikuwa dada wa makamo, miwani imening'inia kifuani, akatoka nje mpaka kwenye maegesho, akachuchumaa kwanza kwa mwanangu akamuuliza jina, akangoja ajibu. Mwanangu kuongea kunamchukua muda. Akangoja. Ndipo akasimama akanisalimia mimi, na swali lake la kwanza ni "kiti chake kikikunjwa kina upana gani?" Baba Nasra akatoa futi mfukoni, nikamwona anatabasamu, na nilimkataza.

Gari ni Berlingo. Najua, najua, mashoga zangu wameshasema linafanana na gari la kupelekea mikate. Lakini milango ya nyuma inateleza kwa pembeni, na mwenye mtoto wa kilo 26 wa kubeba anajua maana yake pale Tesco magari yamebanana, mlango wa kawaida unaufungua nusu halafu wewe na mtoto mnaingia kama barua kwenye sanduku. Kiti kiliingia kwenye buti kimesimama, magurudumu yake yote, na mdomo wa buti uko chini. Kuna yale mengine yenye rampu ambayo mtoto anaingia amekaa kwenye kiti chake, yale mkataba ni miaka 5 na malipo ya awali mara nyingi makubwa, tutahamia huko siku nikishindwa kumbeba. Usiyeweza kulipa, Motability Foundation wana ruzuku, wanaangalia kipato chako, omba usione haya.

Sasa nikakaa mezani na yule dada nikamuuliza kizungu changu hiki hiki, bei ya mwisho? Akacheka sana, akasema mpenzi, ya wiki na ya awali si zangu. Nikamwambia sawa, zipi ni zako? Akanyamaza, akavaa miwani. Ndugu zangu hilo swali likariri. Vilivyo vyake vilikuwa ni mati za mpira za miguuni seti nzima, kile kifuniko cha buti cha plastiki ngumu, mafuta nusu tenki badala ya yale ya kufikia petroli stesheni, na gari la majaribio tukae nalo siku nzima, siyo kuzunguka raundabauti moja na kurudi. Rangi nikachagua ile isiyoongezewa hela. Mati alikubali upesi, kifuniko cha buti tulivutana dakika ishirini, mpaka nikasimama nikachukua mkoba kama navyofanya siku zote, na kama kawaida nikaitwa. Biashara kumbe ni ile ile hata Uingereza.

Siku ile ya majaribio tulikwenda nalo hospitali, Leicester Royal Infirmary, tukapanda gorofa za maegesho, tukarudi kwa Belgrave Road jioni ile foleni, mwanangu akiwa nyuma anaona nje vizuri maana dirisha liko chini. Hiyo siku ndo iliamua.

Mambo ya makaratasi nayapitia haraka. Barua yako ya DLA au PIP lazima iwe imebakiza angalau miezi 12, rafiki yangu wa Luton alifika dukani ya kwake imebakiza 9, akarudi nyumbani mikono mitupu. Majina na leseni za madereva wanazitaka mapema. Kama mwenye gari anaendesha mwenyewe na anahitaji kifaa cha kuongezea mwendo kwa mkono au pedali ya mguu wa kushoto, aseme kabla ya oda, vifaa vingi kama hivo vikifungwa mwanzoni hulipi kitu. Halafu posta wanakuletea barua yenye PIN, siku ya kuchukua gari unaiingiza pale dukani na ndo sahihi yako, usiitupe na matangazo ya pizza kama alivyotaka kuitupa mtu wa nyumbani kwangu ambaye simtaji.

Tulingoja mpaka Septemba, likaja na namba ya 75, ile ya magari ya kuanzia Septemba 2025, miezi mitatu karibu, na kila wiki mwanangu anauliza.

Kasoro zipo. Gari halina uhuru wa gari lako. Haliruhusiwi biashara ya kubeba abiria wala kusambaza chakula, na kuna mpwa wangu, nampenda sana, alikuja na chai na sambusa akaniambia mamdogo lile gari usiku si linalala tu, mimi nina begi la kusambazia chakula. Nikala sambusa nikamkatalia. Gari ni kwa faida ya mtoto, kumnunulia vitu vyake hata akiwa shule sawa, ila siyo daladala la ukoo. Na mjue Bajeti ya Novemba 2025 imebana: BMW, Mercedes, Audi, Lexus na Alfa Romeo wameshatolewa kwenye mpango, na imetangazwa kwamba kuanzia Julai 2026 yale malipo ya awali yatawekewa VAT, ila magari ya rampu yamesamehewa. Mimi la BMW halijaninyima usingizi. La VAT ndo uliangalie kama unataka kuagiza.

Nyota nampa yule dada 5, mpango wenyewe 4, duka la kwanza nimewapa kahawa yao nusu kikombe.

Kifuniko cha buti ndo kimekula tope lote la baridi hii, magurudumu yanaingia yanachuruzika, Jumamosi nakitoa nakimwagia maji uwani basi. Mati nilizozipatia upesi ziko mpya kabisa, ya mwanangu hasa bado ina kistika, maana miguu yake haifiki chini.