Fimbo za mlima zinazostahimili Kilimanjaro: nilivyoziona Black Diamond Trail

Jozi yangu ya Black Diamond Trail niliinunua kwa shilingi 70,000 Soko la Memorial hapa Moshi, kwa mama anayeuza vifaa ambavyo wageni huwaachia wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakimaliza safari. Mpya, huko zinakotoka, jozi inapita dola 100. Mimi ni mwongozaji wa Kilimanjaro, njia ya Machame zaidi, na fimbo hizi nimezitumia kiangazi na masika. Nazipenda kwa dhati, na kwa kuwa wagumu wanaoanza kazi huniuliza mara kwa mara wanunue zipi, naeleza hapa.

Anza kufikiria kushuka. Wengi wanachagua fimbo wakiwaza kilele, lakini kutoka Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka, mita 1,640 hivi, unateremka zaidi ya mita 4,200, na sehemu kubwa yake unaimaliza siku ileile uliyoamka usiku wa manane kupanda. Kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, kurudi Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, ni kokoto na vumbi linaloserereka. Mguu unazama, mwili unatangulia, na uzito wote wa mtu ambaye hajalala unaishia kwenye fimbo mbili. Fimbo dhaifu hapo inajifupisha yenyewe: mgeni anaegemea, kipande cha chini kinaingia ndani ya cha juu, naye anapiga goti kwenye mawe.

Hilo nimelishuhudia kwa fimbo za kuzungusha, zile ambazo ndani ya bomba lake kuna plastiki inayotanuka ukiinyonga. Zikiwa mpya zinashika vizuri. Vumbi la Kibo, kule kileleni, likishapenya bombani, plastiki inazunguka bure. Na zikilowa msituni halafu zikalala kwenye baridi ya Barafu bila kukaushwa, asubuhi hazifunguki hata mkizivuta watu wawili. Nikiona fimbo ya namna hiyo kwenye mizigo ya mgeni pale getini, namwomba anipe niijaribu kabla hatujaanza safari.

Trail inafungwa kwa vibanio vya nje, viwili kwa kila fimbo. Unakiona kwa macho kibanio kama kimefungwa au la, hata kwa taa ya kichwani. Unakifungua na kukifunga ukiwa umevaa glavu nene, na hilo si jambo dogo saa kumi za usiku juu ya mita 5,000, baridi ikiwa imeshuka chini ya sifuri. Mgeni akivua glavu kurekebisha fimbo, vidole vinakufa ganzi kabla hajamaliza. Kibanio kikilegea kuna skrubu ndogo, unaikaza kidogo kwa bisibisi na kuendelea. Bisibisi hiyo inakaa kwenye begi langu pamoja na dawa za huduma ya kwanza. Nakaza mpaka kukifunga kibanio kunataka nguvu ya kidole gumba, kisha naegemea kwa uzito wangu wote. Ikishuka hata kidogo, nakaza tena.

Bomba lake ni la alumini, na kwa mlima wetu nasimamia alumini dhidi ya kaboni. Kaboni ni nyepesi, mkono unaisikia tofauti hiyo ukipanda siku nzima, na ukiielekeza wima ina nguvu sana. Tatizo ni pigo la ubavuni. Fimbo inanasa kati ya mawe mawili, wewe mguu umeshatangulia, kaboni inakatika papo hapo na kukuachia ncha zenye makali. Alumini inapinda. Fimbo iliyopinda unaweza kuinyoosha kwa uangalifu, na hata usipoinyoosha itakufikisha getini, ingawa baada ya hapo kipande kile kibadilishwe kwa sababu kimeshapoteza nguvu. Jozi ya Trail ina uzito wa karibu nusu kilo. Wapo wageni wanaoiona nzito. Mimi nusu kilo hiyo naibeba kwa moyo mmoja.

Ukutani Barranco, ule mwamba mkali ulio njiani, fimbo zote zinafupishwa na kuwekwa kwenye begi, maana pale unapanda kwa mikono. Trail ina vipande vitatu, ikifupishwa inabaki kama sentimita 64, inakaa ubavuni mwa begi bila kuchomoza sana. Fimbo ya vipande viwili inachomoza juu ya kichwa na kugonga mwamba kila unapoinama, na kwenye njia nyembamba kama ile, kugongwa kidogo tu kunaweza kukuyumbisha. Kwa sababu hiyo za vipande viwili siwashauri watu, ingawa ni imara.

Urefu: kiwiko kikunjike pembe mraba ukiwa umesimama sehemu tambarare. Kupanda punguza sentimita tano au zaidi, kushuka ongeza kiasi hicho. Usivute bomba kupita mstari ulioandikwa STOP. Mkono uingie kwenye mkanda kutokea chini, ili kiganja kiuegemee mkanda badala ya vidole kuukaba mpini.

Ncha inastahili maneno zaidi. Ya kabaidi, ile metali ngumu ya rangi ya kijivu, inauma mwamba uliolowa na inadumu. Chuma cha kawaida kinasagika mpaka kinakuwa duara, na fimbo yenye ncha ya duara inateleza juu ya jiwe wakati ambapo umeiamini kabisa. Ncha za Trail hubadilishwa, na hapo ndipo fimbo inaishi miaka. Visahani vya chini, vile vilivyo juu kidogo ya ncha, usivitupe. Kwenye matope ya kushukia Mweka, kati ya mizizi, fimbo bila kisahani inazama na kunasa.

Ukienda Memorial, usinunue kwa kuangalia rangi. Tenganisha vipande vyote, viringisha kimoja kimoja juu ya meza, kilichopinda kitarukaruka. Chungulia ndani ya bomba kama kuna unga mweupe, hiyo ni kutu ya alumini. Funga vibanio, egemea. Muuzaji mkweli atakuacha ufanye hivyo bila kununa. Nyumbani, kila baada ya safari, zitenganishe, zifute mchanga, ziache zikauke zikiwa hazijaunganishwa. Mafuta usiweke ndani ya bomba, yatafanya vipande viteleze.

Kuna jambo linaloniuma. Anayebeba kilo 20 kwenye njia ileile ndiye mara nyingi anayetembea bila fimbo hata moja. Mgeni ana jozi yenye vibanio, mgumu anakata tamaa ya magoti akiwa na miaka 35. Nimesikia wakisema mgumu hahitaji, mikono yake iko juu inashika mzigo. Lakini mzigo wengi wanaubeba mgongoni sasa, na hata wa kichwani unashikwa kwa mkono mmoja, ule mwingine uko huru kushika fimbo. Nilimwazima moja yangu kijana wa timu yetu kutoka Barafu hadi kambi ya Mweka siku ya mvua. Jioni aliirudisha imeshafutwa matope, akaniuliza, "Dada, ile moja tu bila mwenzake wanaweza kuniuzia?" Nilimwambia ndiyo, pale Memorial fimbo zisizo na jozi zipo, na bei yake huwa chini sana.

Kwa hiyo makampuni yanayonisoma: mkinunulia wagumu wenu, chukueni za alumini zenye vibanio vya nje, na zote ziwe za aina moja. Fimbo moja ikivunjika, vibanio na vipande vyake vizima vinatengeneza nyingine mbili, na kazi hiyo mtu anaifanya mwenyewe stoo kwa bisibisi.