Sultani wa cheti na Subira wa kituoni: uzoefu wangu na paka wawili

Nimeishi na paka wawili, mmoja baada ya mwingine. Sultani nilimnunua kwa mfugaji akiwa na wiki 14, paka wa Kiajemi mwenye cheti cha nasaba kilichotaja vizazi vinne vya ukoo wake. Subira nilimchukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama akiwa na miaka sita, sikio moja limechanika, wala hakuna ajuaye mama yake ni nani. Kila ninapoulizwa kama ni heri kununua paka wa nasaba au kuasili, nahadithia kwanza habari za figo za Sultani.

Nilitaka paka wa Kiajemi kwa sababu napenda utulivu, na kwa hilo sikudanganywa. Alikuwa mpole, hapandi mapazia, hapigi kelele usiku. Hii ndiyo faida ya nasaba ambayo watetezi wa vituo huipita haraka: ukishajua aina, unajua kwa kiasi kikubwa tabia utakayoishi nayo. Kazi yake nayo niliijua mapema. Manyoya marefu yanataka kuchanwa kila siku, ukiacha siku tatu yanafungana mafundo hadi kwenye ngozi. Uso ule uliobonyea unazuia machozi kupita yanapostahili kupita, kwa hiyo kila asubuhi nilimfuta macho kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Nililifanya hilo kwa upendo, miaka yote.

Alipofikisha miaka saba nikaona bakuli la maji linakauka upesi na mchanga wake wa choo umelowa kupita kawaida. Akakonda. Daktari wa mifugo alimpima kwa ultrasaundi, akanigeuzia skrini nione mwenyewe: figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo. Akanieleza kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi, umeenea sana katika ukoo wa Kiajemi, na mzazi mmoja tu akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Vifuko huwapo tangu utotoni, vinakua polepole, na dalili huja paka akiwa mtu mzima.

Kilichoniuma zaidi ni alichoongeza baadaye. Hitilafu ya jeni inayosababisha ugonjwa huo ilitambuliwa mwaka 2004, na tangu hapo kipimo cha vinasaba kinapatikana: unapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la paka, unapeleka maabara, unapata jibu hata kwa kitoto. Sultani alizaliwa kipimo hicho kikiwa tayari kipo. Nikampigia mfugaji. Akasema hajawahi kuwapima wazazi kwa sababu wote walionekana wazima. Ndivyo ugonjwa huu unavyosafiri! Paka anazaa na kulea huku figo bado zinafanya kazi, na anapoanza kuugua wanawe wameshatawanyika kwenye nyumba za watu.

Nililipia cheti, nikakisoma, nikajivunia majina ya mabingwa wa maonyesho yaliyomo. Cheti cha nasaba ni rekodi ya ukoo, hakisemi lolote kuhusu afya. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa chakula maalumu cha figo na maji ya kuongezwa chini ya ngozi, tulipata miaka miwili zaidi pamoja.

Nilipokuwa tayari kufuga tena, sikuapa kwamba sitanunua. Nilikwenda kwa mfugaji mwingine, mama mmoja makini sana. Kabla sijauliza chochote alinitolea majibu ya vipimo vya wazazi wote wawili, akaniruhusu kumwona paka jike akiwa nyumbani kwake, na mkataba wake ulisema nikishindwa kumtunza paka nimrudishe kwake, hata miaka kumi ikipita. Watu kama yeye wapo, na ninawaheshimu. Hiyo ndiyo nasaba inayostahili kulipiwa. Ukitaka Maine Coon, uliza kipimo cha moyo, kwa sababu aina hiyo hurithi ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa. Na Scottish Fold mwache kabisa: jeni ileile inayokunja masikio ndiyo inayoharibu gegedu na mifupa, kwa hiyo hakuna mfugaji mzuri anayeweza kukuondolea tatizo hilo.

Yule mama aliniweka kwenye orodha. Mimba ya paka ni wiki tisa hivi, kisha watoto wakae na mama yao wiki 12 au zaidi kabla ya kuondoka. Katika kungoja ndipo nikapita kituoni.

Subira alikuwa amelala nyuma kabisa ya kizimba chake. Dada anayemhudumia hakumsifu. Aliniambia: "Huyu hapendi kubebwa. Hapatani na paka wengine hata kidogo. Anakula haraka mpaka anatapika, mgawie kidogo kidogo. Ila usiku atakulalia miguuni." Nilisimama pale nikifikiria kwamba kwa Sultani nilijua habari za ukoo mzima isipokuwa za paka mwenyewe, na hapa mtu alikuwa ananieleza paka huyu mmoja, aliyekwisha kukua, ambaye tabia yake iko wazi. Ndiyo maana nawashauri wanaoasili wafikirie paka mkubwa. Kitoto cha kituoni kinapendeza, lakini tabia yake bado haijatulia na ukoo wake huujui.

Malipo ya kituo yalikuwa yamejumuisha kufungwa uzazi, chanjo, chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na vipimo vya virusi vya leukemia ya paka na vya upungufu wa kinga, vyote viwili hasi. Kwa Sultani sehemu kubwa ya hayo niligharimia mwenyewe juu ya bei ya ununuzi.

Siku tano za kwanza alijificha nyuma ya kabati. Usimvute paka aliyejificha. Nilikaa sakafuni nikisoma, nikipepesa macho polepole kila aliponitazama, na nikapima chakula kila asubuhi kuhakikisha anakula usiku, maana paka asiyekula siku mbili tatu anaweza kuharibika ini. Wiki ya pili akaanza kupiga chafya na jicho kutoa maji. Daktari akasema ni virusi vya herpesi vya paka, ambavyo haviambukizi binadamu lakini hubaki mwilini na kuamka paka anapopata msongo. Nilipowapigia kituoni wakakiri kwamba aliwahi kuugua hivyo miezi michache kabla. Hilo walipaswa kuniambia. Kama ningekuwa na paka mwingine nyumbani angeambukizwa, kwa hiyo anayeasili aombe daftari la matibabu lote, na mgeni atengwe chumba chake kwa wiki mbili.

Kituo nakipa alama nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ajili ya chafya hizo. Yule mfugaji wa pili nampa tisa, ingawa sikununua kwake; nilimpigia nikamwambia ukweli, naye akanitakia heri na kumpa nafasi yangu mwingine. Wa kwanza simpi kitu.

Subira sasa ana miaka tisa. Mpaka leo hapendi kubebwa. Mwezi uliopita nilimpeleka apimwe damu, nikakaa chumba cha kungojea mikono imelowa jasho hadi daktari alipotoka na karatasi. Figo ni nzima. Usiku ule alilala miguuni pangu kama dada wa kituo alivyosema.