Nguvu ya gari: nunua injini, usinunue ruhusa

Wengi wanaoagiza gari la Japani kulileta Tabora huuliza: niongeze hela nipate lenye nguvu, au nichukue la kawaida nije kuliongezea huku? Nimepanga njia kuanzia ninayoiamini zaidi.

Ya kwanza ni injini kubwa tangu mwanzo. Probox ya cc 1500 badala ya 1300, basi. Pakia madumu ya asali kutoka Sikonge utaiona tofauti, na hakuna wa kuizima akiwa mbali.

Ya pili ni kubadilishiwa programu ya kontroo boksi, ile kompyuta inayoongoza injini. Injini yenye turbo (pampu inayoisukumia hewa), hasa ya dizeli, huongezeka nguvu kweli. Injini isiyo na turbo utalipia mabadiliko usiyoyasikia. Fundi ahifadhi kwanza faili la kiwandani. Akikuambia halina haja, ondoka. Kile kikomo cha kilomita 180 kwa saa cha magari ya Japani kiacheni kilipo, barabara ya Nzega ina ng'ombe.

Ya tatu ni nguvu iliyofungwa kiwandani, inayofunguliwa kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2019 Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilianza kuuza kwa dola 2,000 programu iliyoifikisha Model 3 Long Range maili 60 kwa saa kwa sekunde 3.9 badala ya 4.4. Mota ni zilezile! Sisi wa mitumba tuulize: malipo yanafuata gari au mwenyewe wa kwanza? Volkswagen wanasema malipo ya gari lao la umeme ID.3 kule Uingereza yanafuata gari. Lakini mwaka 2020, Marekani, aliyenunua Tesla iliyotumika alikuta Autopilot, mfumo wa kumsaidia dereva kuendesha, imeondolewa kutoka mbali. Ilirudishwa baada ya habari kusambaa.

Ya nne ni kisanduku cha watu wengine cha kufungua nguvu hiyohiyo bila kumlipa mtengenezaji. Ingenext wa Kanada walikiuza kwa bei chini ya Tesla, kisha mwaka 2020 sasisho la Tesla likakigundua. Hapo unacheza paka na panya na mwenye programu.

Mkiani ni kukodi nguvu hiyo. Mwaka 2022 Mercedes walitangaza dola 1,200 kwa mwaka, Marekani, kuongeza kasi ya magari yao ya umeme, EQE na EQS. BMW walikodisha hata joto la viti (la nini Tabora, mwezi Oktoba!), wakaacha 2023.

Anayeona haya ni ya Wazungu aikumbuke redio ya Toyota inayodai namba ya siri betri ikishatolewa. Gari lenye vitu vinavyofungwa kwa programu lipe bei kwa kile kinachofanya kazi siku unayolikagua, si kwa kilichoandikwa kwenye tangazo.