Matairi ya A/T au M/T? Nimeyafunga yote kwenye pikapu yangu

Seti ya kwanza niliinunua kwa macho. Pikapu yangu ya fowili ilikuwa kwa fundi, nikaona matairi ya tope, yale ya M/T yenye kashata nene zilizoachana kiasi cha kupitisha vidole viwili, akili ikaruka. Nikafunga. Wiki nzima nilikuwa nikiegesha gari, nikipiga hatua chache nageuka kulitazama. Wiki ya pili nikaanza kusikia mlio. Ukifika kilomita 80 kwa saa kwenye lami, matairi hayo huvuma kama mzinga wa nyuki uliotikiswa, na kadiri kashata zinavyolika upande ndivyo mvumo unavyozidi. Redio niliacha kuiwasha.

Kelele ningezizoea. Kilichonishinda ni mvua. Mapengo makubwa kati ya kashata huacha raba kidogo tu ikigusa lami, na kashata zenyewe hazikuwa na ile mikato midogo midogo inayong'ata barabara iliyolowa. Nilikanyaga breki kwenye mteremko mdogo, gari likaendelea na safari yake. Sikugonga kitu, lakini nilirudi nyumbani nikapiga hesabu: katika kila kilomita 10 ninazoendesha, 7 ni lami, karibu 3 ni changarawe, tope halifikii hata 1. Nilikuwa navaa gambuti kwenda ofisini.

Sasa nina A/T, yaani matairi ya njia za kila aina, saizi LT265/75R16, nimeshayatembelea kilomita 38,000. Jina la kampuni naliacha, maana kilichonisaidia ni maandishi ya ubavuni. Hizo herufi LT zinalitenga tairi la gari la mizigo na lile la gari la abiria lenye upana uleule. Matairi niliyokuta kwenye gari yalikuwa na namba ya mzigo 112, yaani kila moja hubeba hadi kilo 1,120. Haya yameandikwa 123/120: kilo 1,550 likiwa peke yake, 1,400 yakifungwa mawili mawili nyuma. Ubavu nao ni mgumu. Tairi moja la mbele lina kovu la urefu wa kidole, kumbukumbu ya jiwe lenye makali kama shoka, na halijapoteza upepo hata kidogo. Moja kati ya yale ya zamani lilichanika kwa jiwe dogo kuliko hilo.

Ugumu huo unaulipia. Gari likiwa tupu, nyuma inaruka kama mbuzi. Halafu kuna mtego ambao hakuna aliyeniambia: tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Kilo 1,550 zile ni kwa upepo wa psi 80. Mimi nilijaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, nikapakia saruji, matairi yakabonyea na kupata moto hadi nikashindwa kuweka kiganja.

Kuhusu kupanda saizi kutoka 265/70, ile ya matairi niliyoyakuta kwenye gari, nilidhani gari litasimama juu kweli kweli. Kipenyo kimeongezeka kutoka milimita 777 hadi 804, kwa hiyo ekseli imepanda milimita 13 tu, upana wa kidole. Spidi mita ikionyesha 100, ninakwenda 103. Na usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linasugua plastiki ya ndani ya madigadi.

Kwenye changarawe yananiridhisha kabisa. Kwenye mchanga nashusha upepo hadi psi 18, tairi linalala na kuwa refu chini, linapita juu juu badala ya kuchimba; nikirudi lami najaza kabla ya kukimbia. Tope la mfinyanzi ndilo linaloyaumbua. Mifereji inajaa, tairi linakuwa kipara cha udongo, na hapo naikumbuka M/T, ambayo ukiizungusha kwa nguvu inalitema tope lenyewe.

Kabla ya kulipa, inama utafute ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT; ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi niliwahi kuletewa matairi "mapya" yaliyokuwa na miaka minne stoo, bado yamevaa vibandiko vyake. Niliyarudisha.

Nililokosea mwenyewe ni spea. Nilinunua manne, ya tano ikabaki ile 265/70. Kwa fowili isiyo ya muda wote, kuchanganya vipenyo ukiwa umeingiza 4H, magurudumu yote manne yakivuta, ni kuzitesa gia na difu. Kwa hiyo nikipata pancha ya nyuma nafungua mara mbili: zima la mbele linahamia nyuma, spea inakaa mbele, na ninatembea na 2H pekee, yaani ya nyuma tu ndiyo yanayosukuma. Nimefanya hivyo mara moja, usiku, kwenye matope. La tano nimeshaagiza.